Fumanizi Lililoficha Mapinduzi

Kisa cha Caroline Matilda, malkia wa Denmark, husimuliwa kama hadithi ya mapenzi: mke wa mfalme kapendana na daktari wa mumewe, wakafumaniwa, wakaangamia. Mapenzi yalikuwepo kweli. Lakini anayeishia hapo anawabebea maneno waliompindua.

Alizaliwa London mwaka 1751, miezi michache baada ya baba yake kufariki. Mwaka 1766, akiwa na miaka 15 tu, akaozwa kwa binamu yake Christian wa Saba, kijana wa miaka 17 mwenye maradhi ya akili. Mfalme huyo alizurura mitaa ya Copenhagen na kimada wake, na hakuna aliyethubutu kumshtaki kwa hilo.

Daktari Mjerumani, Johann Friedrich Struensee, aliajiriwa mwaka 1768. Alimtuliza mfalme, akamchanja mwana wa malkia dhidi ya ndui, na taratibu akashika hatamu za nchi, malkia akiwa upande wake. Septemba 1770 udhibiti wa machapisho ukafutwa. Kuwatesa watuhumiwa ili wakiri kukapigwa marufuku. Wakubwa wakaona vyeo na marupurupu yao yakiyeyuka. Inauma kwamba uhuru huo huo wa kuchapisha ndio uliotumika kumchafua malkia kwa vijitabu vya matusi.

Ndani ya kasri, wajakazi walikuwa wamegeuka wapelelezi. Walinyunyiza poda sakafuni ili wazione nyayo za mwanamume, wakatia nta kwenye tundu la ufunguo wapate kujua kama mlango umefunguliwa usiku. Hiyo ilikuwa sehemu ya ushahidi uliotumika kuvunja ndoa ya malkia!

Alfajiri ya 17 Januari 1772, baada ya dansi ya vinyago, kundi la Juliane Marie, mama wa kambo wa mfalme, lilimwamsha Christian likamsainisha hati za kuwakamata malkia na Struensee. Malkia akafungwa katika ngome ya Kronborg pamoja na bintiye mchanga. Aprili ndoa ikavunjwa. Tarehe 28 mwezi huo huo Struensee akakatwa mkono wa kulia, kisha kichwa.

Serikali mpya ikaanza kufuta mageuzi ya Struensee. Kama kosa lilikuwa uzinzi, sheria zilikosa nini? Na mbona watu hao hao waliendelea kumtambua yule binti kuwa mtoto wa mfalme? Heshima ya ndoa haikuwa shida yao. Walitaka kutawala.

Mtoto hakuwa ametimiza mwaka aliponyang'anywa mama. Caroline Matilda alipelekwa Celle, katika milki ya kaka yake, George wa Tatu wa Uingereza. Akafa huko 10 Mei 1775, akiwa na miaka 23, bila kuwatia tena machoni wanawe wawili.

Mwaka 1784 mwanawe Frederick, akiwa na miaka 16, aliwaondoa madarakani Juliane Marie na watu wake. Silaha yake ilikuwa ile ile waliyoitumia wao: karatasi yenye sahihi ya mfalme mgonjwa.