Kwa nini utafiti huchelewa kufika wodini

Na Mwandishi Wetu

MWAKA 2011 madaktari wa Afrika Mashariki waliushangaza ulimwengu wa tiba. Utafiti uitwao FEAST, uliofanyika katika hospitali sita, zikiwamo za Kilifi nchini Kenya, Mulago nchini Uganda na Teule wilayani Muheza, ulibaini kuwa mtoto mwenye homa kali na dalili za mshtuko wa mzunguko wa damu, akitiwa maji mengi mshipani kwa haraka, uwezekano wake wa kufa huongezeka.

Kati ya watoto 3,141, waliofariki ndani ya saa 48 walikuwa takriban asilimia 10.5 ya waliotiwa maji kwa haraka, na asilimia 7.3 ya wale ambao hawakutiwa. Jaribio lilisitishwa kabla ya wakati wake. Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilirekebisha mwongozo wake mwaka 2016, miaka mitano baadaye.

Ni rahisi kusema huo ni uzembe. Lakini ukitazama kwa makini, utaona kwamba daktari wa zamu ana sababu nzito ya kuamini alichozoea. Katika utafiti huo huo, baada ya saa moja, waliopewa maji ndio walioonekana kupata nafuu zaidi. Vifo vilikuja baadaye. Daktari aliyeona mikono ya mtoto ikirejewa na joto ataliamini jicho lake. Tofauti ya watoto watatu katika kila mia haionekani kwa mtu mmoja katika usiku mmoja.

Kuna pia suala la mafunzo. Utaratibu wa kutia maji kwa haraka ulifundishwa vyuoni kwa miaka mingi, ukitegemea vitabu vya nchi zenye vyumba vya wagonjwa mahututi na mashine za kupumulia. Wapo waliodai kuwa matokeo ya FEAST hayawahusu watoto wa Ulaya. Huenda hoja hiyo ina mashiko huko London, ila inastaajabisha inapotumiwa kutetea mazoea katika wodi isiyo na mashine hata moja.

Zaidi ya hayo, mzazi naye yupo. Akiona dripu, huamini mwanawe anahudumiwa. Shinikizo la namna hiyo si geni: utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kuhusu vipimo vya malaria kaskazini mashariki mwa Tanzania ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya wagonjwa waliopimwa na kukutwa hawana vimelea waliandikiwa dawa za malaria vivyo hivyo.

Ikumbukwe kuwa FEAST haikuwahusisha watoto wenye ugonjwa wa kuhara wala utapiamlo mkali. Mtoto aliyeishiwa maji kwa kuhara bado anayahitaji, tena upesi. Tabibu aliyepewa habari ya utafiti kwa sentensi moja tu, bila kuelezwa ni watoto gani waliochunguzwa, anaweza kumnyima maji mtoto huyo.