Dawa moja kila msimu yalea magugu sugu

Palizi ndiyo inayommaliza mkulima wa mpunga wa Makwale, wilayani Kyela. Jembe la mkono linataka watu wengi, na mvua za huko hazisubiri vibarua. Ndiyo maana anayebeba bomba mgongoni na kupulizia dawa ya magugu hastahili lawama. Tatizo huanza pale dawa ileile inaporudiwa kila msimu, tena wakati mwingine kipimo kikipunguzwa ili chupa ifike mbali.

Dawa haimfundishi gugu usugu. Katika maelfu ya magugu huwamo machache yaliyozaliwa tofauti. Mengine yakifa, hayo hubaki na nafasi, maji na mbolea, na mbegu zake ndizo zinazoota mwaka unaofuata.

Hata hivyo, usugu nao una bei. Mwaka 1970 ilichapishwa taarifa kutoka jimbo la Washington, Marekani, kuhusu gugu liitwalo Senecio vulgaris ambalo simazini na atrazini hazikuliua tena. Baadaye ilibainika kuwa badiliko lililolikinga na dawa ndilo lililopunguza uwezo wa majani yake kutumia mwanga wa jua kujitengenezea chakula. Pasipo na dawa, gugu hilo lilizidiwa na wenzake wa kawaida.

Hapo ndipo wengi huridhika mapema, wakidhani kuipumzisha dawa msimu mmoja au miwili kunatosha. Si kila usugu unalipiwa. Magugu mengi yaliyoshinda dawa za kundi la ALS hustawi vizuri tu dawa ikikosekana. Na kwenye mpunga upo mfano unaouma zaidi: nyasi iitwayo Echinochloa colona, ambayo imeenea hata katika mashamba ya Afrika Mashariki, ilipata usugu dhidi ya propanili huko Costa Rica na Colombia. Huivunjavunja dawa hiyo ndani ya majani yake, jinsi mpunga wenyewe unavyofanya. Mpunga ukipona, na nyasi inapona.

Kubadili chupa, basi, si lazima kuwe kubadili dawa. Majina mawili dukani yanaweza kuwa na sumu ya aina moja, na mkulima atajuaje kama hakuna anayemwambia? Hiyo ni kazi ya maofisa ugani na wauzaji wa pembejeo. TPHPA, inayosajili viuatilifu nchini, nayo ihakikishe kundi la dawa linasomeka kwenye lebo kwa Kiswahili.

Jembe nalo lisitupwe. Gugu lililobaki limesimama baada ya kupulizia ling'olewe kwa mkono kabla halijatoa mbegu, kama wakulima wa Kyela wanavyopaswa kufanya kwa mbosyo, lile gugu linalonyonya mizizi ya mpunga. Mimea michache ya namna hiyo pembeni mwa shamba ni kazi ya asubuhi moja. Ikiachwa ikomae, mbegu zake zitakuwa tayari ardhini mvua za Novemba zitakapoanza.