Sifa ya Chuo na Uamuzi wa Mwombaji: Funzo Kutoka Sumbawanga

Mwezi Julai una shughuli mbili kubwa katika nyanda za juu za Ufipa. Mahindi yaliyovunwa hupelekwa sokoni na katika vituo vya ununuzi vya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA). Kwa kawaida, mwezi huohuo hutangazwa matokeo ya Kidato cha Sita, na dirisha la maombi ya kujiunga na vyuo vikuu hufunguliwa. Kwa familia nyingi za Kata ya Malangali na kata nyingine za Manispaa ya Sumbawanga, shughuli hizo mbili zinahusiana moja kwa moja, kwa sababu fedha ya mahindi ndiyo itakayolipa ada, nauli na kodi ya chumba cha mwanafunzi.

Kwa hali hiyo, uamuzi wa kuomba chuo fulani na kuacha kingine una uzito mkubwa. Kosa moja laweza kugharimu mwaka mzima wa masomo, na kwa kaya inayotegemea msimu mmoja wa kilimo, mwaka ni mavuno yote. Hata hivyo, uamuzi huo mara nyingi huongozwa na jambo ambalo halimo katika fomu yoyote ya maombi, nalo ni sifa ya chuo.

Katika mazungumzo ya udahili, neno "sifa" hubeba maana mbili. Zipo sifa za kujiunga, yaani viwango vya ufaulu ambavyo mwombaji anapaswa kuwa navyo. Hizo huandikwa, huidhinishwa na kutangazwa kila mwaka. Ipo pia sifa ya chuo, yaani namna jamii inavyokitazama na kukizungumzia. Hii haiandikwi popote, haina mamlaka inayoithibitisha, na hakuna anayewajibika inapopotosha. Mwombaji hukaguliwa kwa maana ya kwanza, lakini yeye mwenyewe hukipima chuo kwa maana ya pili.

Kwa nini jina lina nguvu

Si haki kumlaumu mwombaji anayefuata jina. Ubora wa ufundishaji hauonekani kabla ya kuingia darasani, na anayeununua kwa ada ya miaka mitatu au minne hawezi kuurudisha dukani akigundua kuwa haukidhi matarajio yake. Mnunuzi asiyeweza kuipima bidhaa hutafuta ishara. Mchumi Michael Spence wa Marekani alilieleza jambo la aina hiyo katika makala yake ya mwaka 1973 kuhusu soko la ajira: mwajiri asiyeweza kuuona uwezo wa mwombaji kazi huutazama ushahidi wa elimu yake kama ishara. Mchango huo ulimpatia Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2001, pamoja na George Akerlof na Joseph Stiglitz. Mwanafunzi naye hufanya vivyo hivyo akiwa upande wa pili, kwa kulitazama jina la chuo ambacho hajawahi kukiona.

Sifa hiyo humfikia kupitia watu anaowaamini. Mwalimu wa sekondari hueleza chuo alichosoma yeye, kaka au dada aliyetangulia husimulia maisha ya chuoni, na jirani hutaja mtoto wa fulani aliyepata kazi baada ya kuhitimu. Taarifa hizo zina thamani, kwa kuwa hutolewa na watu wenye nia njema na waliyoyaona wenyewe. Udhaifu wake ni umri. Mwalimu aliyehitimu miaka 15 iliyopita hueleza chuo cha miaka 15 iliyopita, pamoja na wahadhiri, maabara na mitaala ya wakati huo. Kwa hiyo sifa ni historia ya chuo, ilhali mwombaji anahitaji kuijua hali yake ya sasa.

Jina hukua, na jina hupotosha

Jina la Malangali lenyewe ni mfano mzuri. Likitajwa mbele ya Watanzania wengi waliosoma miongo iliyopita, linalokuja kwanza akilini ni Malangali ya Wilaya ya Mufindi, mkoani Iringa, ambayo shule yake ilianza mwaka 1928 wakati wa utawala wa Waingereza. Malangali ya Sumbawanga hufuata baadaye, au haifuati kabisa. Ramani hazina upendeleo huo. Ni umri wa taasisi ndio uliolipa jina moja uzito katika eneo moja kuliko jingine.

Sumbawanga nayo inabeba mzigo wa jina. Kwa tafsiri inayojulikana zaidi, neno hilo la Kifipa humaanisha "tupa uchawi", yaani ni wito wa kuuacha. Nje ya mkoa, simulizi za mitaani zimeligeuza jina hilo kuwa utambulisho wa mji wenye uchawi, kinyume kabisa cha maana yake. Mzaha huo huonekana mdogo hadi unapomfikia kijana wa mkoa mwingine anayechagua pa kwenda kusoma, au mzazi anayejiuliza kama amruhusu binti yake kwenda huko. Hapo simulizi isiyo na ushahidi huweza kushinda ithibati, ada nafuu na nafasi iliyo wazi.

Upande wa pili wa hoja ni kwamba hakuna jina kubwa lililozaliwa kubwa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiozidi 15, katika jengo lililokuwa Mtaa wa Lumumba. Kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kuanzia mwaka 1963, na mwaka 1970 kikawa chuo kikuu kamili cha Taifa. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST) kilianza mwaka 1986 kama Chuo cha Ufundi Mbeya, kikawa taasisi ya sayansi na teknolojia mwaka 2005, na kufikia hadhi ya chuo kikuu mwaka 2012. Waliojiunga na vyuo hivyo miaka ya mwanzo hawakupewa jina lililo tayari, kwani wao ndio waliolijenga.

Mwaka 2017 na mzigo wa mwombaji

Uzito wa sifa umeongezeka kutokana na mabadiliko ya utaratibu wa udahili. Kuanzia mwaka wa masomo 2010/11, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) iliendesha mfumo wa pamoja ambamo waombaji waliorodhesha chaguo zao kwa mpangilio na mfumo ukawapangia nafasi. Kuanzia 2017/18, waombaji hutuma maombi moja kwa moja vyuoni. Anayechaguliwa na chuo zaidi ya kimoja hutakiwa kuthibitisha chuo kimoja tu. Uhuru umeongezeka, na pamoja nao umeongezeka wajibu wa kujua.

Mwaka huohuo wa 2017 ulionesha gharama ya kutokujua. Baada ya ukaguzi, TCU ilizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya kwa mwaka wa masomo 2017/18, na ikazuia programu 75 katika vyuo vingine 22. Baadhi ya vyuo viliruhusiwa tena baada ya kurekebisha kasoro zilizobainika. Hatua hiyo ilitoa somo ambalo halijachuja: chuo chaweza kuwa na jina linalojulikana na bado programu mahususi ndani yake ikakosa wahadhiri au vifaa vya kukidhi viwango. Ithibati hupimwa programu kwa programu. Jina la chuo haliwezi kuibeba programu iliyo dhaifu.

Je, jina kubwa huleta maisha bora?

Swali hili limefanyiwa utafiti. Mwaka 2002, wachumi Stacy Dale na Alan Krueger wa Marekani walichapisha uchambuzi uliolinganisha wanafunzi wenye uwezo unaofanana waliokubaliwa na vyuo vyenye ushindani mkubwa, ambapo baadhi yao walijiunga navyo na wengine wakachagua vyuo vya kawaida zaidi. Kwa wastani, kipato chao cha baadaye hakikutofautiana sana. Uwezo na bidii ya mwanafunzi vilieleza mengi kuliko jina la chuo.

Hata hivyo, utafiti huo ulikuwa na matokeo ya pili ambayo hutajwa mara chache: wanafunzi kutoka familia zenye kipato cha chini walinufaika zaidi kwa kusoma vyuo vyenye ushindani mkubwa. Marekani si Tanzania, na matokeo hayo hayawezi kuhamishwa yalivyo. Lakini yanatoa tahadhari kwa pande zote mbili. Kumwambia mtoto wa mkulima wa Ufipa kwamba chuo chochote kinatosha si ushauri mwema, kwa kuwa huenda yeye ndiye mwenye manufaa makubwa zaidi katika kuchagua vizuri. Kumwambia aifuate sifa pekee si ushauri mwema pia, kwa kuwa familia yake ndiyo yenye akiba ndogo zaidi ya kufidia kosa.

Kampasi mpya na mtihani wa imani

Mjadala huu unaugusa Mkoa wa Rukwa kwa namna ya pekee, kwa sababu elimu ya juu sasa inasogezwa karibu na wananchi wake. Kupitia Mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi (HEET), unaotekelezwa na Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa Dola za Marekani milioni 425, vyuo vikuu vya umma vinaimarishwa na kampasi zinajengwa katika mikoa ambayo haikuwa nazo. MUST ina Kampasi ya Rukwa. Katika Mkoa jirani wa Katavi, uliokuwa sehemu ya Rukwa hadi mwaka 2012, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kina Kampasi ya Mizengo Pinda.

Kampasi changa hukabiliwa na mzunguko mgumu. Haina kizazi kirefu cha wahitimu wa kuitangaza, hivyo waombaji wenye ufaulu wa juu husita kuichagua, na kusita kwao huichelewesha kupata wahitimu wa kuitangaza. Majengo na maabara peke yake haviwezi kuukata mzunguko huo. Unakatwa na taarifa za wazi kuhusu programu zilizoidhinishwa, idadi na viwango vya elimu vya wahadhiri, vifaa vilivyopo, na waliko wahitimu baada ya masomo. Jukumu hilo ni la vyuo vyenyewe. Chuo kisichotoa taarifa zake kinawaachia wengine wakisimulie.

Vyuo vya ufundi vina mzigo mzito zaidi. Kwa muda mrefu, sehemu ya jamii imevitazama vyuo vya ufundi stadi vya VETA kama kimbilio la waliokosa nafasi ya Kidato cha Tano, ingawa fundi umeme, fundi magari na fundi bomba huhitajika kila siku Sumbawanga kama kwingineko. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, imeutambua mkondo wa amali ndani ya elimu ya sekondari. Aidha, kuanzia mwaka 2023/24, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) ilianza kutoa mikopo kwa wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele. Sera na fedha vimeanza kubadilika. Mtazamo wa jamii unahitaji kufuata.

Maswali ya kujibu kabla ya kuomba

Mwananchi anayemsaidia kijana kuchagua chuo hahitaji kuipuuza sifa. Anahitaji kuipima kwa maswali machache yenye majibu ya maandishi.

Swali la kwanza ni iwapo programu husika imeidhinishwa. Mwongozo wa udahili wa TCU huorodhesha kila mwaka programu za shahada zilizoidhinishwa, sifa za kujiunga na idadi ya nafasi. Kwa astashahada na stashahada za fani za kiufundi, ikiwemo afya, rejea ni mwongozo wa Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi (NACTVET).

La pili ni iwapo mhitimu atasajiliwa katika taaluma yake. Mhandisi humhitaji msajili wake kama vile muuguzi na mkunga wanavyomhitaji wa kwao. Taaluma zenye bodi au mabaraza haziishii kwenye cheti cha chuo.

La tatu ni gharama yote ya kusoma, zaidi ya ada. Kutoka Sumbawanga hadi Dar es Salaam ni safari ya zaidi ya kilometa 1,000, na mwanafunzi huifanya mara kadhaa kabla ya kuhitimu. Chuo cha karibu hupunguza gharama hiyo. Chuo cha mji mkubwa nacho chaweza kumweka mwanafunzi karibu na waajiri na maeneo ya mafunzo kwa vitendo. Familia inapaswa kuziweka hesabu zote mbili mezani.

La nne linawahusu wahitimu wa Kidato cha Nne. Baada ya matokeo kutangazwa, Ofisi ya Rais – TAMISEMI hutoa fursa ya kubadilisha machaguo ya tahasusi na kozi za vyuo kupitia mfumo wa Selform. Chaguo lililojazwa kwa kufuata rafiki linaweza kurekebishwa ndani ya muda uliopangwa, na muda huo ukipita haurudi.

Maswali haya manne hayahitaji safari ya Dodoma wala Dar es Salaam. Miongozo huwekwa katika tovuti za taasisi husika, na mwalimu mmoja mwenye simu janja anaweza kuisoma pamoja na darasa zima. Kijana wa Malangali ambaye mzazi wake hakusoma chuo hana ndugu wengi wa kumsimulia sifa za vyuo. Kwake yeye, mwongozo uliosomwa kwa makini kabla ya gunia la mwisho kuuzwa ndio mshauri wa kwanza.