Dodoso la huzuni Migori: mizani hii yapima nini?

Tarehe 9 Januari 2025, Mahakama Kuu ilibatilisha kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomfanya mhalifu mtu aliyejaribu kujiua. Ni uamuzi wa kupongezwa. Lakini kumwondoa mtu seli ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumtambua kabla hajafika huko, na hapo Migori yatupa somo.

Mwongozo wa taifa wa matibabu ya VVU unataka wagonjwa wachunguzwe sonona, ule ugonjwa wa huzuni, kwa dodoso liitwalo PHQ-9. Maswali ni 9, kila jibu alama 0 hadi 3, jumla 27. Kwa kawaida anayefikisha 10 huchunguzwa zaidi.

Dodoso ni mizani, na mizani huulizwa mambo mawili. La kwanza ni uthabiti: ukimpima samaki yule yule mara tatu, wapata uzito ule ule? La pili ni usahihi: huo ndio uzito wake kweli? Mizani mbovu ufuoni Muhuru Bay yaweza kuzidisha robo kilo kila siku bila kubadilika. Ni thabiti, na bado yamwibia mnunuzi.

Tazama maswali yenyewe. Matatu yahusu usingizi, uchovu na hamu ya kula. Migori na Homa Bay ni miongoni mwa kaunti zilizoathirika zaidi na VVU, na ugonjwa huo, au kifua kikuu kinachoandamana nao, humchosha mtu na kumkatia hamu ya chakula. Alama zaweza kupanda bila sonona kuwapo.

Kinyume chake pia chawezekana. Mama wa Kehancha anayewaza kwa Kikuria, akisomewa kwa Kiswahili cha vitabuni swali la 9 kuhusu kutamani kufa, huenda akajibu "hapana" kwa kutoelewa au kwa haya. Huyo ndiye tunayempoteza.

Huku Pwani, watafiti wa Kilifi wamekwisha kupima madodoso ya Kiswahili ya aina hii kwa wanaoishi na VVU. Kazi njema, ila haihamii Kuria hivi hivi. Migori ihakiki maswali hayo kwa Kijaluo na Kikuria, na majibu yalinganishwe na mahojiano ya daktari.

Na kuna la kufanya leo: anayejibu "ndiyo" swali la 9 aketishwe na kusikilizwa papo hapo, hata kama jumla yake ni 3.