Tuseme Yatimiza Miaka 30

Mwaka 1996, wahadhiri wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianzisha mradi wa Tuseme katika shule za sekondari. Mwaka huu mradi huo unatimiza miaka 30. Tunawapongeza waasisi wake, Profesa Penina Mlama na Profesa Amandina Lihamba.

Sisi wa Mkolani, jijini Mwanza, tuna sababu yetu ya kushangilia. Barabara ya Shinyanga inayokatiza hapa kwetu ndiyo ya kuelekea Kwimba, na huko Kwimba kiko kijiji cha Malya. Mwaka 1982 na 1983 wasomi hao wawili, pamoja na Eberhard Chambulikazi, waliketi na wanakijiji wa Malya, wakasikiliza shida zao, kisha wakaandaa nao maonyesho. Mimba za wanafunzi zilikuwa miongoni mwa mambo yaliyoibuka. Hakuna aliyeletewa mchezo ulioandikwa Dar es Salaam, na Tuseme ilifuata njia hiyohiyo.

Anayemfahamu Lihamba kwa filamu tu huenda akashangaa kumkuta katika kazi ya kuwafanya watu waseme. Katika Maangamizi, filamu ya mwaka 2001 ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, aliigiza Samehe, mgonjwa wa hospitali ya akili aliyenyamaza kwa miaka mingi. Anaponyamaza, hadithi inabebwa na macho yake na namna anavyokaa. Tanzania iliipeleka filamu hiyo kuwania Oscar, mara ya kwanza kwa nchi yetu. Wanaodhani kuigiza ni kupiga makelele na kububujikwa machozi, wakaitazame.

Utulivu huohuo ndio uliofaa Malya na mashuleni, maana mwalimu anayejua kunyamaza huwaachia wengine nafasi.

Ndani ya Tuseme, wasichana wenyewe huchunguza yanayowakwamisha, huyatungia mchezo, huuonyesha mbele ya walimu, kisha mjadala hufunguliwa. Binti asiyethubutu kwenda kushtaki kwamba mwalimu anamsumbua huweza kuigiza nafasi ya mwalimu huyo, akaonyesha anavyomwita ofisini baada ya masomo. Mkuu wa shule ameketi hapohapo, anaona. Hawezi tena kusema hakuambiwa.

Njia haikuwa nyepesi. Kwa miaka mingi mwanafunzi aliyepata mimba alifukuzwa shule. Waraka wa kumruhusu kurudi darasani ulitoka Novemba 2021. Hata hivyo Tuseme haikusimama. Kupitia FAWE, jukwaa la wanawake waelimishaji wa Afrika, ilivuka mipaka na kuingia nchi nyingine za Afrika.

Sasa zamu ni yetu. Halmashauri ya Jiji la Mwanza izipe klabu za maigizo muda wa kudumu kwenye ratiba za shule, si dakika za kubahatisha siku ya mahafali. Nao wanafunzi wa habari wa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, majirani zetu wa Malimbe, waende Malya wakawarekodi wazee walioshiriki maonyesho yale. Waende mwaka huu, wazee hao wangali wanasimulia.