Kosa la Mwanafunzi Katika Enzi ya Kompyuta

Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari ya Magamba, Lushoto, wanafunzi walikuwa na desturi ya kutengeneza aiskrimu kwa kuchemsha maziwa, kuyatia sukari, kuyaacha yapoe, kisha kuyaweka katika jokofu. Siku moja nafasi ndani ya jokofu hilo ilikuwa haba. Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Erasto Mpemba, akichelea kukosa nafasi, aliyaingiza maziwa yake yangali moto. Baada ya kiasi cha saa moja na nusu aliyakuta yamekwisha kuganda, ilhali ya mwenzake, ambayo hayakuchemshwa kabisa, yalikuwa bado majimaji. Alipomwuliza mwalimu sababu, alijibiwa kwamba jambo hilo haliwezekani na kwamba yeye amechanganyikiwa.

Miaka ilipita, naye Mpemba akaingia Shule ya Mkwawa, Iringa. Huko aliuliza tena. Mwalimu alimjibu kwa kejeli kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu, na tangu siku hiyo kila alipokosea hesabu wenziwe walimcheka kwa kumwambia kuwa hiyo nayo ni hisabati ya Mpemba. Hakukata tamaa. Alipopata nafasi katika maabara alirudia jaribio lake kwa maji ya moto na maji ya bomba. Hatimaye, mgeni alipofika shuleni kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Dakta Denis Osborne, Mpemba alisimama mbele ya wote akauliza swali lile lile. Baadhi ya wanafunzi walicheka, na wengine waliona kuwa amewaaibisha. Mgeni hakucheka. Alikiri kwamba hajui jibu, akaahidi kulijaribu jambo hilo atakaporejea chuoni. Jaribio lilifanywa, na mwaka 1969 wawili hao walichapisha matokeo katika jarida moja la elimu ya fizikia la Uingereza. Hadi leo wanasayansi wanabishana kuhusu sababu za tukio hilo. Na mwaka 2016 kundi moja la watafiti lilitilia shaka hata kuwapo kwake. Lakini jina la Mpemba limebaki katika vitabu vya fizikia duniani kote.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kwa ajili ya fahari ya taifa. Inafaa pia kisimuliwe kwa ajili ya onyo. Kati ya swali la kwanza na jibu la mwisho palikuwapo miaka kadhaa ya kicheko. Ni wanafunzi wangapi waliokuwa na swali zuri kama lile, wakalimeza kwa sababu ya kicheko hicho?

Asili ya imani potofu

Ni jambo la kawaida kumsikia mzazi akisema kwamba mtoto wake hana kichwa cha hesabu, au mwalimu akiligawa darasa lake katika makundi ya wenye akili na wasio na akili. Semi hizi zina nadharia ndani yake, ijapokuwa wasemaji hawaitambui: kwamba akili ni kibaba alichopimiwa mtu alipozaliwa, wala hakiongezeki.

Wenye nadharia hii hupenda kutegemea vipimo vya akili. Yafaa basi kukumbuka jinsi vipimo hivyo vilivyoanza. Mwaka 1905 Alfred Binet na msaidizi wake Théodore Simon walitunga nchini Ufaransa kipimo cha kuwatambua watoto waliohitaji msaada wa pekee shuleni. Binet hakukusudia kumhukumu mtoto kwa maisha yake yote. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1909 aliwapinga waziwazi wale waliodai kuwa akili ya mtu ni kiasi kisichoweza kuongezwa, na akapendekeza mazoezi ya kuikuza, kama vile mwili unavyokuzwa kwa viungo kufanyishwa kazi. Baada ya kifo chake mwaka 1911, wengine hasa Marekani walikigeuza chombo chake kuwa mizani ya kuwapanga watu madaraja ya kudumu. Chombo kilichoundwa ili kumwinua mtoto kikawa cha kumwekea kikomo.

Hoja ya Binet imerudi kwa nguvu katika kazi za mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, Carol Dweck. Mwaka 1998 yeye na Claudia Mueller walieleza majaribio waliyowafanyia watoto wa darasa la tano. Watoto walipewa mafumbo mepesi, na wote wakaambiwa wamefanya vizuri. Baadhi walisifiwa kwa akili zao, wengine kwa juhudi yao. Kisha wote walipewa mafumbo magumu yaliyowashinda, na mwishowe wakapewa mafumbo ya wepesi ule wa kwanza. Waliosifiwa kwa juhudi waliongeza alama zao. Waliosifiwa kwa akili walishuka. Tena, walipotakiwa kuwaandikia wenzao wa mbali alama walizopata, waliosifiwa kwa akili walikuwa wepesi zaidi wa kudanganya. Sababu haiko mbali. Mtoto aliyeambiwa kwamba ushindi wake unatokana na akili, naye akashindwa, hana budi kuhitimisha kwamba akili hana. Aibu hiyo huifunika kwa uongo. Aliyeambiwa kwamba ushindi umetokana na kazi, akishindwa huongeza kazi.

Imani peke yake haitoshi

Hata hivyo, ni wajibu wa sayansi kusema kweli yote. Fikra hii ilipoenea, wako walioigeuza kuwa kaulimbiu ya kubandikwa ukutani, kana kwamba kumwambia mtoto "unaweza" kunatosha kumwezesha. Uchunguzi mkubwa uliotolewa mwaka 2019, uliohusisha wanafunzi zaidi ya 12,000 wa shule za sekondari Marekani, umeonyesha mipaka ya jambo hili. Wanafunzi hao walipewa kwa njia ya kompyuta somo la muda usiozidi saa moja, lililowafundisha kwamba ubongo huimarika kwa kufanyishwa kazi ngumu. Waliokuwa nyuma kimasomo walipanda kwa wastani wa kiasi cha sehemu moja ya kumi ya alama, katika kipimo ambacho upeo wake ni kama alama nne. Nafuu hiyo ni ndogo, ijapokuwa gharama yake nayo ni ndogo mno. Lililo muhimu zaidi ni kwamba nafuu ilidumu hasa katika shule ambazo desturi ya wanafunzi wenyewe ilikuwa kupenda kazi ngumu. Mbegu ilikuwa moja, udongo ulitofautiana.

Kwa nchi ya Tanzania funzo hili ni zito. Kati ya mwaka 2019 na 2023, watahiniwa wa kidato cha nne waliofaulu somo la hisabati walikuwa kiasi cha robo moja au pungufu. Haiingii akilini kwamba taifa zima lina robo tu ya vijana wenye vichwa vya hesabu. Mtoto husoma miaka yake yote ya msingi kwa Kiswahili, kisha anaingia sekondari na kukuta hesabu zile zile zimevaa lugha ya Kiingereza. Wengi hushindwa swali kabla ya kulielewa, na hujihesabu kuwa wajinga ilhali kizuizi ni lugha. Kumhimiza mtoto aongeze juhudi, bila kumpa kitabu, dawati na mwalimu anayeeleweka, ni kumtwika lawama ya upungufu wa wakubwa. Juhudi haichukui nafasi ya vifaa. Bali vifaa visivyo na moyo wa kujaribu navyo hubaki kabatini.

Mashine isiyocheka

Hapa ndipo kompyuta inapoingia, nayo ina nyuso mbili.

Uso wa kwanza ulionekana mkoani Tanga. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2017, kwa muda wa miezi 15, vishikwambi viligawiwa kwa watoto karibu 2,700 katika vijiji vipatavyo 170, katika shindano la kimataifa lililoendeshwa kwa ushirikiano na serikali, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Vishikwambi hivyo vilichajiwa kwa nguvu ya jua, navyo vilikuwa na programu za Kiswahili za kumfundisha mtoto kusoma, kuandika na kuhesabu bila mwalimu. Wengi wa watoto hao hawakuwa wamepata kwenda shule. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Mwishoni hesabu hiyo ilipungua kwa nusu. Mwaka 2019 programu mbili zilitangazwa kuwa washindi na kugawana tuzo ya Dola milioni 10.

Pamoja na ubora wa programu zenyewe, liko jambo moja lisilopasa kupuuzwa. Mashine haicheki. Mtoto akigusa herufi isiyo sahihi huambiwa ajaribu tena, mara kumi au mara mia, bila kufokewa wala kuitwa jina. Kosa lake ni siri baina yake na kioo, wala haliwi jina lake la utani. Hata hivyo nusu ile iliyobaki bila kujua kusoma inakumbusha kwamba mashine, hata ikiwa na subira kiasi gani, haijaondoa haja ya mwalimu.

Uso wa pili ni wa hatari zaidi, kwa kuwa unapendeza. Tangu mwishoni mwa mwaka 2022 zimeenea programu za akili mnemba zinazoweza kuandika insha na kukokotoa hesabu kwa nukta chache tu. Kijana mwenye simu anaweza kupeleka swali la kazi ya nyumbani na kupokea jibu lililopangwa vizuri kabla hajalisoma swali lenyewe mara mbili. Watu wazima hulalamika kwamba huo ni udanganyifu. Ni udanganyifu kweli, lakini hasara kubwa zaidi iko penginepo. Ubongo hujengwa wakati ule ambapo mtu anahangaika na jambo asiloliweza bado. Anayeuruka muda huo hupata jibu akaukosa uwezo. Tena hujifunza imani mpya iliyo mbaya kuliko ile ya kale: zamani aliamini kwamba akili iko kwa mwanafunzi wa dawati la mbele, sasa ataamini kwamba iko ndani ya simu, na kwamba yeye hahusiki.

Nini kifanyike

Kuipiga marufuku mashine hakutafaa. Ipo, na itazidi kuwapo. Linalowezekana ni kuiwekea utaratibu unaolilinda jaribio la mwanafunzi. Kwanza, mwanafunzi aandike jaribio lake kwa mkono kabla ya kuiuliza mashine, na mwalimu alihesabu jaribio hilo kuwa sehemu ya kazi, hata likiwa na makosa. Pili, mwanafunzi atakiwe kutafuta mahali ambapo jibu la mashine limekosea. Maana hukosea, tena kwa lugha ya kujiamini sana. Anayeikosoa mashine amekwisha kuwa bwana wake.

Tatu, usahihishaji wa madaftari ubadilike. Alama ya mkosi yenye wino mwekundu humwambia mtoto kwamba amekosa, bila kumwambia alipokosea. Ni kweli kwamba mwalimu mwenye wanafunzi 80 katika darasa moja hawezi kuandika maelezo katika kila daftari. Lakini anaweza kuchagua kosa moja lililofanywa na wengi, akaliandika ubaoni bila kumtaja mtu, na darasa zima likatafuta chanzo chake. Hapo kosa huwa mali ya darasa, na hakuna wa kuchekwa.

Nne, wakubwa waache kuugeuza mtihani kuwa gwaride. Baraza la Mitihani lilipoacha mwaka 2023 kutangaza orodha ya shule na watahiniwa bora kitaifa, lilichukua hatua ya busara. Lakini hatua hiyo haitatimia iwapo shule zenyewe zitaendelea kubandika ukutani majina kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Mtoto aliyeliona jina lake mkiani kwa miaka saba hahitaji kuambiwa kwamba hana akili. Amekwisha kusoma ukutani.

Jambo la tano ni jepesi kwa gharama na gumu kwa nafsi. Ni mwalimu kukubali kusema mbele ya wanafunzi kwamba hajui, na kwamba watajaribu pamoja. Katika enzi ambapo kila simu hutoa jibu kwa kila swali, mtu mzima anayekiri kutojua, kisha akaonyesha namna ya kutafuta, ni kielelezo ambacho hakuna mashine iwezayo kukitoa badala yake.

Wahenga walisema kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mhunzi wa kweli hulitazama koleo lililovunjika, akajua lilipokuwa na udhaifu, akafua jingine. Shule inapaswa kuwa kiwanda cha namna hiyo. Jokofu la Magamba lingeweza kubaki jokofu tu, na maziwa yale yakaliwa na kusahauliwa. Yalikumbukwa kwa kuwa kijana mmoja alikataa kuamini kwamba swali lake ni upumbavu, na kwa kuwa mtu mzima mmoja, baada ya miaka kadhaa, alimsikiliza. Jukumu la elimu leo ni kuhakikisha kwamba kijana wa pili hatasubiri muda mrefu kiasi kile.