Ruzuku Haifiki Chumbani Kwetu

Sisi ni wale mnaotukuta gengeni jioni tukinunua mkaa wa buku, mafuta ya kupima na fungu la nyanya. Tunaishi Mbagala, Tandika, Buza, Manzese na Gongo la Mboto, kwenye nyumba za kupanga zenye vyumba sita au nane, choo kimoja na mita moja ya LUKU kwa wote. Tunalipa kodi kila tunaponunua sabuni. Kwa miaka hii michache tumesikia habari ya nishati safi ya kupikia redioni, kwenye mikutano ya hadhara, misikitini na makanisani. Hatuipingi hata kidogo. Malalamiko yetu ni kwamba imetupita, na tunajua imepitia wapi.

Moshi hatuhitaji kuelezwa. Mama zetu wamezeeka na macho mekundu, na kifua cha mtoto aliyelala chumba kimoja na jiko la mkaa tunakijua kwa kukisikiliza usiku. Serikali yenyewe imetaja kwamba moshi wa kupikia unahusishwa na vifo zaidi ya 33,000 kwa mwaka nchini. Mei 2024 Rais Samia alizindua mkakati wa taifa wa miaka kumi wenye lengo la kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ifikapo 2034, na siku chache baadaye alikuwa Paris, miongoni mwa wenyeviti wa mkutano wa dunia kuhusu jambo hilohilo, ambako ziliahidiwa dola bilioni 2.2 kwa Afrika. Tulifurahi. Utafiti wa 2019/20 ulionyesha kaya zaidi ya sita kati ya kumi zinapikia kuni, robo na ushei zinapikia mkaa, gesi asilimia 5 hivi na umeme asilimia 3. Ukitoka huko kwenda 80 kwa miaka kumi, lazima uwakute watu wa aina yetu njiani. Hakuna kona ya kutukwepa.

Tuzungumzie mitungi kwanza, kwa sababu ndiyo inayopigwa picha. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, umesambaza mitungi ya gesi ya kilo 6 kwa ruzuku ya nusu bei, mitungi 3,255 kwa kila wilaya, na anayetaka aje na kitambulisho cha NIDA. Wabunge na wafadhili nao wamegawa mingine bure kwa akina mama lishe na vikundi vya kinamama. Ni jambo jema, na waliopata walishukuru kwa dhati. Lakini mtungi wa kilo 6 kwenye kaya ya watu watano inayopika kila kitu hauvuki wiki mbili au tatu. Ukiisha, kuujaza ni zaidi ya Sh20,000, na ruzuku haipo tena. Hapo ndipo msaada unapotuachia mkono.

Wanaotuhutubia hupenda kusema tatizo letu ni elimu, kwamba hatujui kuwa gesi ni nafuu kuliko mkaa. Tunajua vizuri sana. Kaya inayotumia mkaa wa buku mbili kwa siku inamaliza mwezi imeteketeza Sh60,000. Mitungi miwili midogo haifiki huko. Hesabu hii kila mwanamke wa uswahilini anaifanya kichwani huku anachambua mchele. Shida ni kwamba 60,000 ya mkaa inatoka kidogo kidogo, leo buku mbili, kesho buku moja na nusu, keshokutwa kwa mkopo kwa mama wa genge anayekujua. Gesi inataka 20,000 na kitu, yote, siku moja, na mara nyingi inaisha maharage yakiwa hayajaiva. Kibarua anayelipwa kwa siku, dereva wa bodaboda anayepeleka hesabu kwa bosi kila jioni, mfua nguo wa nyumba za watu: hakuna kati yao anayelala na 24,000 isiyokuwa na kazi nyingine. Basi mtungi unasukumwa uvunguni, na jiko la mkaa linarudi mlangoni. Wako waliouza mitungi yao kulipa ada ya mtoto, na hatuwalaumu.

Na dawa ya hili ipo, wala haihitaji mtaalamu kutoka mbali. Hapahapa Dar es Salaam kampuni zimeshafunga mita juu ya mtungi: unalipia gesi kwa simu kwa kiasi ulicho nacho, hata cha kupikia chakula cha leo tu, na kikiisha unalipia tena. Huo ndio ununuzi wetu. Tunanunua hivyo mafuta ya kula, sukari, vocha, na sasa hata intaneti. Fedha ya ruzuku ingewekwa kwenye mita hizo na kwenye bei ya kilo ya gesi, mwaka mzima, kaya ngapi zingekuwa zimeachana na mkaa leo?

Sasa tuje kwenye umeme, ambako malalamiko yetu ni mazito zaidi, ingawa ndiko kunakozungumzwa kidogo.

Nchi hii ina ruzuku ya umeme kwa wanyonge, na ni nzuri. Mteja mdogo wa nyumbani, kundi linaloitwa D1, analipa Sh100 kwa uniti mradi asizidishe uniti 75 kwa mwezi. Ukiongeza VAT ya asilimia 18, asilimia 3 ya REA na asilimia 1 ya EWURA, mdhibiti wa nishati, uniti inafika Sh122. Ndiyo ile 9,150 maarufu inayoleta uniti 75. Mteja wa kawaida, kundi la T1, analipa Sh292, na kodi zikishaingia ni Sh356 na senti. Tofauti ni karibu mara tatu. Aliyepanga hivyo alitaka kumlinda mtu mwenye taa nne, redio na chaji ya simu.

Mtu huyo ni sisi. Lakini ruzuku imefungwa kwenye mita, na mita si yetu. Chukueni nyumba ya vyumba sita, kila chumba kinatumia uniti 25 kwa mwezi: taa, feni, televisheni, simu. Matumizi madogo kabisa. Zikijumlishwa ni uniti 150 kwenye mita moja, kwa hiyo mita hiyo haiwezi kukaa D1. Inahesabiwa kama ya mtu mwenye uwezo. Kila chumba kinalipa Sh8,900 kwa uniti zake 25. Mwenye nyumba yake, peke yake, na mita yake, analipa Sh9,150 na kupata uniti 75. Mara tatu ya umeme wetu kwa karibu pesa ileile. Kama kila mmoja wetu angehesabiwa kwa alichotumia, angelipa Sh3,050. Hiyo Sh5,850 inayozidi, kila mwezi, kila chumba, ndiyo ingekuwa robo ya mtungi wa gesi. Mtu analipishwa bei ya tajiri kwa sababu hana uwezo wa kukaa peke yake.

Tena hatujazungumzia ugomvi. LUKU ya kuchangishana imevunja ujirani mwingi. Mwenye friji anaambiwa atoe zaidi, mwenye pasi anachungulia korido kabla ya kuichomeka, na yule anayetoka alfajiri na kurudi usiku anauliza kwa nini achangie sawa na anayeshinda nyumbani. Umeme ukikatika saa nne usiku kila mlango unakaa kimya, kila mmoja akisubiri mwenzake anunue. Wenye nyumba wengi wakaona bora wakataze kabisa: hakuna jiko la umeme, hakuna heita, ukikutwa unahama. Hatusemi wote ni wakorofi. Nyaya za nyumba nyingi zilitandazwa kwa ajili ya taa, na moto ukitokea unakula vyumba vyote. Ila matokeo ni yaleyale: mpangaji anahimizwa na redio apikie umeme, na mwenye nyumba amemwambia asithubutu.

Mtatuambia tuombe kila mtu mita yake. Kuunganisha umeme mjini, tangu Januari 2022, ni Sh320,960, na anayeomba ni mwenye nyumba. Kijijini ni Sh27,000, na tunawafurahia ndugu zetu kwa hilo kwa moyo mmoja, maana wengi wetu ndiko tulikotoka na ndiko mama zetu waliko. Lakini umaskini ulipopanda basi kuja Dar haukubadilika ukawa utajiri pale stendi ya Mbezi. Na humohumo kwenye LUKU, tangu 2021, inakatwa kodi ya jengo, sasa Sh1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Jengo si letu. Kisheria ni deni la mwenye mali, na tuliambiwa tudaiane naye. Nani atamdai mwenye nyumba Sh1,500 wakati kodi ya chumba inamkabili mwezi ujao?

Hata aliyebahatika kuwa na mita yake na kukaa D1 anakuta mpango una kigingi. Tuseme kaya yake inatumia uniti 50 kwa taa na vyombo vingine. Akinunua jiko la presha la umeme, ambalo kwa kweli ni chombo kizuri, linaivisha sufuria ya maharage kwa chini ya uniti moja, na akapika kwa uniti mbili kwa siku, anafika uniti 110. Zile 35 zilizozidi anauziwa kwa Sh350 kabla ya kodi, ghali kuliko hata mteja wa kawaida. Bili yake inaruka kutoka Sh6,100 hadi Sh24,000. Serikali inamwita jikoni kwa mkono mmoja na kumrudisha kwa mwingine. Kiwango cha uniti 75 kiliwekwa kwa ajili ya kuwasha taa. Kama tunataka watu wapikie umeme, kiwango hicho lazima kijue kwamba watu wanakula.

Na umeme upo. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115. Mtambo wa kwanza uliingia Februari 2024, wakati tumetoka kwenye mgao uliotukausha, na mwaka uliofuata mitambo yote tisa ilikuwa imekamilika. Ni fedha zetu, zaidi ya trilioni 6, na tunajivunia. Tulivumilia kwa sababu tuliambiwa maji ya Rufiji yatashusha bei. Mitambo yote tisa ilikamilika huku uniti ikiuzwa kwa bei iliyopangwa 2016. Tunaelewa kuna mikopo ya kulipa, na njia za kusafirisha umeme za kujenga. Lakini mtu akiahidiwa akangoja, ana haki ya kuuliza tarehe.

Kuhusu gesi asilia tutasema kwa ufupi, kwa kuwa wengi wetu huichanganya na ya mitungi. Ya mitungi inakuja kwa meli kutoka nje, ikifuata bei ya dola. Ya kwetu, ya Songo Songo iliyogunduliwa 1974 na ya Mnazi Bay, inahitaji bomba hadi jikoni. Bomba kutoka Mtwara lilifika Kinyerezi 2015, na mitambo ya umeme inaitumia. Nyumba zilizounganishwa ni chache mno, na mitaa yetu iliyojengwa bila mpango haimo hata kwenye mazungumzo. Mafuta ya taa nayo yaliondoka kwetu mwaka wa fedha 2011/12, ushuru ulipopandishwa kuzuia uchakachuaji wa dizeli. Nia ilikuwa kuwabana matapeli wa vituo vya mafuta. Jiko la mafuta ya taa, lile la mchina, likazimika, na kwenye vyumba vingi lililochukua nafasi yake ni la mkaa. Hakuna aliyetuuliza tutapikia nini.

Tusiambiwe fedha haziwezi kutafutwa. Juni 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha mafuta, Serikali ilianza kutoa Sh100 bilioni kwa mwezi kupunguza bei ya petroli na dizeli. Tulishukuru wakati ule na tunashukuru sasa. Asilimia 3 ya REA tunaitoa pia, kila tunaponunua tokeni, mpangaji wa uniti 25 sawa na mwenye ghorofa. Kwa hiyo tunapodai ruzuku ifike chumbani hatuombi sadaka.

Tunachotaka ni vitu vinavyofanyika. Mita ya nyumba ya kupanga ihesabiwe kwa idadi ya kaya zilizomo, na mwenyekiti wa serikali ya mtaa anazijua kaya hizo kwa majina. Gharama ya mita ya pili na ya tatu kwenye nyumba moja ishushwe, na mpangaji aruhusiwe kuiomba. Kiwango cha D1 kiongezwe kwa anayepikia umeme. Ruzuku ya gesi iende kwenye kujaza, na wanaotangaza idadi ya mitungi iliyogawiwa watangaze pia mingapi imejazwa mara ya tatu. Bei hizi hupitia EWURA, na sheria inataka wananchi wasikilizwe kabla hazijabadilishwa. Mikutano hiyo ifanyike Mbagala na Gongo la Mboto, siku ya Jumapili, watu wakiwa hawajaenda vibaruani. Tutakuja na simu zetu, meseji za LUKU zote zimo humo, za chumba kwa chumba.